Milima ya Mbali Ipunguzie Weusi

Biharamulo,
21 Julai 2024.

Mwanangu mpendwa,

Huku Biharamulo vumbi linatusumbua, maana kiangazi kimeshika na kila lori linalopita linatuachia fungu letu. Mchoro wako umefika salama. Konda aliukabidhi bila kuukunja, kama ulivyomsihi, na nimeubandika ukutani juu ya meza ninayosahihishia madaftari ili nipate kuuzoea kabla ya kukujibu. Umeniomba nisikusifu kwa sababu tu mimi ni shangazi yako. Haya, nitakuwa mkali, lakini acha kwanza nikupe haki yako.

Umechora Ngara. Unaweza kuona hilo ni jambo dogo, lakini mimi ninayefundisha watoto najua uzito wake. Ukiwapa watoto karatasi na kuwaambia wachore milima, wengi watakuletea pembetatu mbili, jua likichungulia katikati, na mto unaoteremka hadi kwenye nyumba yenye mlango mmoja na madirisha mawili. Picha hiyo haina kwao. Mtoto wa Tanga anaichora, wa Songea anaichora, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona kwa macho. Wewe umeziacha pembetatu. Milima yako ni migongo mirefu iliyolala, vilele vyake butu, mmoja ukipita nyuma ya mwenzake, na ndivyo ilivyo kweli huko kwenu. Umbo umeliweza.

Sasa tatizo. Safu zote za milima umezizungushia mstari mweusi wa unene mmoja, kisha ndani ukatia kivuli kwa mkandamizo uleule, kuanzia migomba iliyo miguuni pako mpaka mlima wa mwisho ambao, kwa nijuavyo mimi, uko Burundi. Matokeo yake mlima wa Burundi umekuja kusimama shambani kwa bibi yako. Karatasi imejaa milima, lakini jicho halina pa kupita kwenda mbali.

Mengi nitakayokuandikia yanatokana na jambo moja, basi lishike hilo hata kama mengine yatakuponyoka: anayechora milima ya mbali anachora hewa iliyo kati yake na milima hiyo. Hewa haina umbo wala mstari. Inajulikana kwa namna inavyopunguza weusi wa kilicho nyuma yake.

Hewa iliyo mbele ya pua yako ni kidogo, ndiyo maana unaiona haina rangi. Lakini kati yako na vilima vya ng'ambo kuna kilomita nyingi za hewa, na ndani yake mna mvuke, vumbi la barabara, moshi wa nyasi na moshi wa majiko. Mwanga wa jua unapopita humo unatawanywa, na sehemu ya mwanga huo uliotawanywa inaingia jichoni mwako ingawa haikutoka mlimani. Kwa hiyo weusi wa mlima hukufikia ukiwa umechanganyika na mwanga wa njiani. Ni kama chai ya rangi inayotiwa maziwa: kila bonde unalovuka kwa macho linaongeza tone, mpaka mlima wa mwisho unakaribia weupe wa anga. Na kwa kuwa hewa yenyewe hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, jambo ambalo mwanasayansi Mwingereza, Rayleigh, alilieleza mwaka 1871, vilima vya mbali huonekana vya buluu ingawa nyasi zake ni kavu na za kahawia sawa na hizo unazokanyaga.

Angalia vilevile kinyume chake. Kitu cheupe kikienda mbali hupungua weupe. Bati jipya kwenye mteremko wa karibu linaumiza macho saa sita mchana, lakini bati la aina hiyohiyo ng'ambo ya mto ni alama ya kijivu hafifu tu. Kwa hiyo umbali haufifishi weusi peke yake, unapunguza tofauti. Cheusi kinapauka, cheupe kinafifia, na vyote viwili vinasogelea rangi ya upeo wa anga. Ukilielewa hilo hutahitaji kukariri kanuni nyingine.

Ukitaka ushahidi wa macho, tafuta ile njia ya umeme ya kilovolti 220 inayotoka kituo cha Rusumo kuja Nyakanazi, ya mradi wa megawati 80 tunaogawana sisi, Rwanda na Burundi. Kaa mahali ambapo minara kadhaa inaonekana ikifuatana, nyuma yake pakiwa na anga tupu. Mnara wa kwanza utahesabu vyuma vyake vilivyokingamana kimoja kimoja. Wa tatu utaona umbo lake tu. Wa mbali kabisa ni kijistari cha kijivu ambacho ukipepesa macho unakipoteza. Chuma ni kilekile na hakuna aliyekipaka rangi tofauti. Mchore huo mnara wa kwanza na wa mwisho pembeni mwa daftari, kila mmoja kwa weusi wake, uone jinsi karatasi inavyofunguka bila mlima hata mmoja.

Watu wamelijua jambo hili kitambo. Leonardo da Vinci alipokuwa na umri wa miaka 21 alichora bonde la mto Arno, kwao Italia, kwa kalamu na wino, na juu ya karatasi akaandika tarehe: 5 Agosti 1473. Baadaye katika maandishi yake alishauri kwamba jengo unalotaka lionekane mbali mara tano zaidi ya jingine, lipe buluu mara tano zaidi. China walikuwa wametangulia. Guo Xi alichora kwa wino juu ya hariri picha yake ya milima ya mwanzo wa majira ya kuchipua mwaka 1072, na picha hiyo bado ipo, imehifadhiwa Taipei. Ukungu unaopita viunoni mwa milima yake ni hariri iliyoachwa karibu tupu. Hakuuchora ukungu, aliuachia nafasi. Nataka ulikumbuke hilo kila unapoamka mapema na kuona mabonde ya Ruvubu na Kagera yamejaa ukungu juu ya mafunjo, vilele tu vikiwa nje. Sehemu hiyo ya karatasi usiiguse kabisa.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya kuchora mlima wowote, chora visanduku vitano mfululizo. Cha kwanza kiache karatasi tupu. Cha tano kikoleze kadiri penseli yako inavyoweza. Cha tatu kiweke katikati ya hivyo viwili, kisha utafute cha pili na cha nne. Utaona cha pili na cha nne vinasumbua kuliko vyote, kwa sababu mkono hupenda kukimbilia ncha mbili. Rudia mpaka mtu asiyejua unachofanya aweze kuvipanga bila kusita. Hiyo ngazi ndiyo mtaji wako wote. Jua la Ngara lina mwanga mwingi kuliko karatasi yoyote, na huwezi kuweka kitu cheupe kupita karatasi yenyewe, kwa hiyo lazima ugawanye kwa hesabu. Anga la upeoni lichukue kisanduku cha kwanza. Mlima wa mwisho uuweke kati ya cha kwanza na cha pili. Milima ya kati igawane cha pili, cha tatu na, kwa ile iliyo karibu, kidogo cha nne. Cha tano kiwekee akiba migomba ya mbele, mashina yake na kivuli kilicho chini yake. Anayekitumia cha tano kwenye mlima wa pili atafika mbele hana cha kutoa.

Kisha nenda ukakae penye mwanya, utazame upande wa Burundi, ufinye macho hadi kope zikaribie kukutana. Majani yatapotea, nyumba zitapotea, mashamba yatapotea, yatabaki mapande makubwa ya weusi na weupe. Yahesabu. Mara nyingi yatakuwa manne au matano tu. Yachore hayo kwanza kwenye kijikaratasi kidogo kisichozidi kiganja, bila mti wala nyumba. Kijichoro hicho kikionyesha umbali, mchoro mkubwa utauonyesha. Kikishindwa, hakuna majani wala mawe utakayoongeza baadaye yatakayokiokoa.

Nikupeleke sasa kwenye migongo miwili tu, mmoja mbele na mmoja nyuma, kwa sababu hapo ndipo ilipo siri ya kazi yote. Ukitazama mgongo wa mlima kwa makini utaona hauna weusi wa aina moja kutoka juu hadi chini. Ukingoni juu umekolea zaidi, na kadiri unavyoshuka bondeni unapauka, kwa sababu bondeni ndiko unyevu, moshi na vumbi vinakojikusanya. Basi mgongo wa nyuma ukoleze kidogo ukingoni, uufifishe polepole ukishuka, na pale unapokaribia kupotea, hapohapo weka ukingo wa mgongo wa mbele, uliokolea. Weusi wa mgongo wa mbele ukutane na weupe wa miguu ya mgongo wa nyuma. Mstari hauhitajiki, tofauti yenyewe ndiyo mstari. Ukisharudia mara kadhaa utaona milima inaachana yenyewe na bonde linatokea kati yake, ingawa bonde hukulichora.

Penseli ishike ikiwa imelala, si kama unaandika imla. Ubavu wa ncha ndio uguse karatasi. Piga mistari myepesi iliyobanana ikifuata mwelekeo wa mteremko, kisha pitisha tabaka la pili likilikata la kwanza kwa mshazari. Weusi uje kwa tabaka, usije kwa nguvu za mkono. Ukikandamiza mara moja, nyuzi za karatasi zinalala, sehemu hiyo inaanza kung'aa, na tabaka linalofuata halishiki tena. Usisugue kwa kidole, kwa maana kidole kina mafuta na kinaacha madoa ambayo ufutio hauyatoi. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja ili usiburuze weusi wa mbele kuupeleka angani. Anza na anga, fuata mlima wa mwisho, kisha uje mbele hatua kwa hatua. Kila ukimaliza safu moja, rudi nyuma ukatazame mchoro ukiwa mbali nao, umefinya macho tena.

Kuhusu vifaa, usidanganyike kwamba huna kitu. Penseli ya HB inayouzwa dukani kwenu inatosha kwa milima ya nyuma yote, ukiichonga kwa wembe ncha iwe ndefu. Kwa mbele utahitaji laini zaidi, 2B na 6B, na hizo nimemwagiza mtu anayekwenda Mwanza. Kabla hazijafika, tumia mkaa. Chukua vijiti vyembamba vilivyonyooka, vimenye gamba, vipange ndani ya kopo lenye kifuniko, toboa kitundu kidogo juu, uliweke kopo kwenye makaa. Moshi utatoka kitunduni. Ukikoma kutoka, liepue na uliache lipoe lenyewe bila kulifungua, la sivyo vijiti vitashika moto na kuwa majivu. Utapata mkaa wa kuchorea unaokolea kuliko penseli yoyote. Ufutio ukichafuka, kipande cha mkate laini usio na siagi kikifinyangwa kinaondoa mkaa vizuri, na wachoraji wa zamani walitumia hichohicho kabla ya mpira kujulikana. Mama yako akikuuliza mkate umekwenda wapi, mwambie aniulize mimi.

Majira nayo ni mwalimu, na wewe umebahatika kuanza wakati unaofaa. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa ya kwetu inajaa vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, na milima inajitenga yenyewe tabaka kwa tabaka. Fanya mazoezi mengi sasa. Mvua za kwanza zikishanyesha kuelekea Oktoba, hewa itaoshwa, na asubuhi moja utaona vilima vya Rwanda vimesogea karibu, vimekolea, hata njia za miguu zinaonekana. Siku hiyo utadhani nilikudanganya. Sikukudanganya, hewa imepungua vilivyomo tu, kwa hiyo umbali utautafuta kwa njia nyingine: ukubwa wa miti, kitu gani kimekinga kipi, kivuli cha wingu kinachofunika mlima mmoja na kuuacha mwingine juani.

Saa nayo iangalie. Ukitazama magharibi asubuhi, jua liko mgongoni kwako, linaimulika milima uso kwa uso, na milima inakuwa bapa yenye rangi nyingi na vivuli vichache. Ukirudi mahali palepale saa kumi na moja jioni, jua liko mbele yako, vumbi lote la njiani linawaka mwanga, na migongo inabaki maumbo matupu ya kijivu, kila moja na ngazi yake. Kwa anayejifunza, jioni ndiyo saa ya kazi.

Kuna mahali kanuni itaonekana kuvunjika, na ni vizuri nikuonye mapema. Mteremko uliochomwa moto wiki iliyopita unaweza kuwa mweusi kuliko mteremko wa nyasi kavu ulio mbele yake. Uchore hivyohivyo ulivyo. Umbali unapimwa kwa kulinganisha vitu vya aina moja: nyasi zilizoungua za mbali na nyasi zilizoungua za karibu, mti na mti, bati na bati. Weusi wa moto wa mbali, hata ukitisha, haufiki weusi wa kisiki kilichoungua miguuni pako. Ukilinganisha hivyo huwezi kupotea.

Na ukilinganisha hivyo utaanza kusoma mengine. Milima ya upande wa Benaco unayopita kwenye basi ina mapande yaliyokolea na mapande yaliyopauka, na si hewa peke yake iliyofanya hivyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa takribani siku moja wakikimbia kutoka Rwanda wakati wa mauaji ya mwaka ule, na Benaco ikawa kambi kubwa kuliko mji wowote uliokuwa karibu. Watu wengi kiasi hicho wanapika, na kuni zilitoka kwenye miteremko ile. Miti ilikwisha kwa masafa marefu kuzunguka makambi, kisha baadaye ikapandwa mingine. Mteremko wenye miti unameza mwanga na kukolea, uliobaki nyasi unapauka. Ukichora weusi huo kwa uaminifu umeandika historia bila kujua, na atakayeutazama mchoro wako miaka ijayo atajua miti ilikuwa wapi.

Huku kwangu Biharamulo kazi ni tofauti, na ndiyo maana nataka uje. Ukitoka Ngara kwa basi, Benaco, Nyakahura, Lusahunga, utaona nchi inajinyoosha kadiri unavyokuja. Migongo inakuwa mirefu na ya chini, pori la miti linatandaa, na ukisimama karibu na boma la Wajerumani hapa mjini huna mlima wa kukuonyesha umbali. Una miti. Mti wa karibu una matawi, una mianya ya mwanga kati ya majani. Wa mbali kidogo ni doa. Wa mbali zaidi hauonekani ukiwa peke yake, ni sehemu ya utepe mmoja wa kijivu uliolala chini ya anga. Kuchora utepe huo ni kazi ngumu kuliko kuchora mlima, kwa sababu mkono unataka kuuwekea majani ambayo jicho halijayaona.

Umeniuliza kwenye barua yako kama ni kweli wachoraji wa kwetu hawajui umbali, kama alivyokwambia huyo mwenzako. Mjibu hivi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya hardbodi, alitaka ndege na mnyama wake wakujie usoni, rangi safi, mandhari ya nyuma bapa. Ufifi wa mbali ungemharibia. Sam Ntiro, mtu wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere kwa Margaret Trowell, na ambaye uhuru ulipopatikana akawa balozi wa Tanganyika mjini London, alichora miteremko ya kwao ikijaza picha kuanzia chini hadi juu, watu wa juu kabisa wakiwa wamekolea sawa na wa chini, kwa sababu kwake kila aliyekuwa shambani alistahili kuonekana. Picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ya mwaka 1956, imo kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Na hapo ng'ambo ya Rusumo, katika nchi ya zamani ya Gisaka, wanawake wanatengeneza imigongo kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, wakiinua matuta yenye pembe kali na kuyapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hapo hakuna mbali wala karibu, na hapakosekani kitu.

Kwa hiyo umbali ni chaguo la mchoraji. Jifunze kuuchora ili siku ukiamua kuuacha, uwe umeuacha wewe. Kwa sasa mchoro wako hauna umbali kwa sababu haukuja, na hiyo ndiyo tofauti kati yako na Ntiro. Usikasirike. Uliniomba ukweli.

Kuhusu simu: sikukatazi kupiga picha, ila usichore kutoka kwenye simu mpaka uwe umechora mahali penyewe. Kamera ya simu ikipima anga, migomba ya mbele inakuwa giza tupu; ikipima migomba, anga na milima ya nyuma vinatoweka katika weupe. Zile ngazi ninazokusumbua nazo zinapotea. Itumie kama msahihishaji. Piga picha mchoro wako, iondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe, uitazame ikiwa ndogo. Milima ikishikana pale, na kwenye karatasi imeshikana.

Najua baba yako anasema unapoteza muda wa jiografia. Mwambie wanaosomea miamba hufundishwa kuchora nchi wanayoiona, na kwamba kutambua mgongo na bonde kwenye ramani ya mistari ya mwinuko ni kazi inayofanana na hiyo unayoifanya wewe kwa penseli. Asiposhawishika, mwache. Ni mdogo wangu, nitazungumza naye mimi kwa lugha anayoielewa.

Kazi yako mpaka likizo ya Desemba ni hii. Kwanza, ngazi ya visanduku vitano, uniletee iliyo safi tu. Pili, vijichoro vya kiganja, mahali pamoja, asubuhi, mchana na jioni, kila kimoja na saa yake imeandikwa nyuma. Tatu, mchoro mmoja mkubwa wa kiangazi na mwingine wa mahali hapohapo baada ya mvua kuosha hewa. Mistari ya kuzungushia milima nimeipiga marufuku katika yote. Ukishikwa na hamu ya kuchora mstari, chora kwenye daftari la hisabati.

Nisalimie bibi yako na mama, na mwambie baba yako nasubiri lile gunia la maharage aliloniahidi. Kifurushi cha penseli nitamkabidhi konda yuleyule siku ya Jumamosi. Penseli ya 6B ni laini na inavunjika upesi, kwa hiyo usimwachie mdogo wako aichonge.

Wako akupendaye,

Shangazi